Pua Kumi na Mbili na Mvinyo wa Kinyangara

Nchi inayosimuliwa hapa haipo popote, kwa hiyo msomaji asihangaike kuchungulia dirishani. Iliitwa Jamhuri ya Ushwari. Ilikuwa na bendera, ilikuwa na wimbo, ilikuwa na Mlezi Mkuu aliyependwa na watu wote kwa mujibu wa sheria, na ilikuwa na wizara ishirini na tisa, mojawapo ikiitwa Wizara ya Zabibu na Utulivu. Watu wake walikuwa wapole kupita kiasi. Mtu akikanyagwa mguu sokoni, aliyekanyagwa ndiye aliyeomba radhi.

Katika nchi hiyo, mtaa wa Mabatini, aliishi dobi mmoja aitwaye Sikudhani. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mwembamba, mwenye vidole vilivyochubuliwa na sabuni na tabia ya kunusa nguo kabla ya kuziloweka. Shati likifika mikononi mwake alijua mwenye shati amelala wapi, amekula nini na amemwogopa nani. Hayo hakumwambia mtu. Dobi mwenye mdomo hana wateja.

Sikudhani alikuwa na tatizo moja la kiserikali: hakuwa mke wala mjane. Mumewe, Mgalula, alikuwa mtu wa Kinyangara, kijiji cha nyumba kumi na moja kando ya mto. Miaka tisa kabla ya mambo haya Sikudhani alikwenda kumuuguza mama yake. Alikaa siku nne. Aliporudi alikuta uwanja wa majivu uliosawazishwa vizuri, kibao kipya kilichoandikwa MRADI WA TAIFA WA ZABIBU, na askari mmoja mpole sana.

"Watu wako wapi?" aliuliza Sikudhani.

"Wamehamia mahali bora zaidi, mama."

"Wapi huko?"

"Mama yangu," alisema askari, na macho yake yakaangalia pembeni, "ningekuwa napajua, si nami ningehamia?"

Kila mwaka Sikudhani alikwenda Ofisi ya Usajili kuomba aandikwe mjane. Kila mwaka karani alifungua daftari, akafunga, akasema kwa huruma: "Mumeo hajafa, dada. Amehamishwa. Aliyehamishwa hafi mpaka anwani yake ipatikane." Kwa hiyo hakupata kutandika mkeka wa msiba. Majirani nao wangekujaje kumlilia mtu ambaye serikali inasema hajambo? Sikudhani alibaki na msiba wake kifuani, kama mtu aliyebeba ndoo ya maji iliyojaa na hana pa kuitua.

*

Mizabibu ya Kinyangara ilistawi kupita matarajio ya wizara. Wataalamu wa udongo walishangaa. Wakaandika kwamba ardhi ile haihitaji mbolea. Mvinyo ukakamuliwa, ukatiwa kwenye mapipa, na ulipokaribia mwaka wa ishirini na tano wa Mlezi Mkuu kuwalea watu, wageni wa ng'ambo wakasema wako tayari kuununua kwa ajili ya sherehe. Walitaka kitu kimoja tu: ripoti inayolinganisha harufu za aina kumi na mbili za mvinyo wa nchi.

Ushwari ilikuwa na wanusaji watano waliosomea kazi hiyo. Waliitwa, wakanusa. Kila mmoja, akiwa chumba chake, aliandika sentensi moja kuhusu mvinyo wa Kinyangara, na sentensi zote tano zikawa zile zile neno kwa neno. Sentensi hiyo haikupata kutangazwa. Wale watano walipewa likizo ya masomo, na hadi leo bado wanasoma.

Ndipo Kamishna wa Harufu, Mheshimiwa Donasiano Mbalamwezi, aliposimama mbele ya wananchi katika koti lake jeusi la sherehe akatoa hotuba iliyochukua muda wa kupika maharage yakaiva.

"Ndugu wananchi," alisema, "mtaalamu ni mtu wa hatari. Unampa glasi, anakurudishia maoni. Kwa nini? Kwa sababu ana maneno! Mtu mwenye maneno lazima atayasema. Serikali yenu sikivu imeamua kutumia pua za wananchi wa kawaida, pua ambazo hazijasoma, hazijasafiri, hazijahudhuria hata semina. Pua safi! Pua ya mtu asiyejua haiwezi kugundua kitu, na pasipogunduliwa kitu pana amani!"

Watu walipiga makofi. Aliyekuwa jukwaani karibu na Kamishna alipiga zaidi.

Ukafanyika mtihani wa kutojua. Swali lilikuwa moja: Mvinyo ni nini? Waliojibu walifelishwa. Balozi wa nyumba kumi alimpeleka Sikudhani kwa sababu alitakiwa apeleke mtu, na Sikudhani alikubali kwa sababu aliwaza hivi: wizara iliyopanda mizabibu Kinyangara haikosi kujua waliokuwapo wamepelekwa wapi. Akiwa ndani, huenda akapata mtu wa kumuuliza.

"Mvinyo ni nini?" aliulizwa.

"Sijui, Mheshimiwa. Ila doa lake halitoki kwa maji ya moto. Linataka maji baridi na chumvi."

Wajumbe wa jopo walinong'onezana karibu saa nzima kama huo ni ujuzi. Mwishowe waliamua kwamba ni ujuzi wa nguo, si wa mvinyo, na wakampasisha kwa alama za juu. Waliopasi walikuwa kumi na wawili. Alikuwamo Mzee Pazi, mchoma mkaa mwenye kikohozi. Alikuwamo msusi, alikuwamo muuza maandazi, alikuwamo mkunga mstaafu. Wote walipewa hati zenye muhuri zinazothibitisha kwamba hawajui chochote.

*

Chumba cha kunusia kilikuwa ghorofa ya chini ya wizara. Kilikuwa na vibanda kumi na viwili vya mbao, kila kimoja na meza yake, kiti chake na pazia lake, ili mtu asimwone mwenzake. Taa zilikuwa nyekundu. Chini ya mwanga ule mvinyo wote ulionekana mweusi, na mikono ya watu ilionekana kama imetoka kuchinja.

Aliyewaelekeza alikuwa mtaalamu wa vipimo aitwaye Asteria, binti mwenye miwani na rula ndefu, mmoja wa wale watu wachache wa Ushwari ambao bado waliamini kwamba kazi ni kazi.

"Mama zangu, baba zangu, shikamooni," alisema.

"Marahaba, mwanangu."

"Taa ni nyekundu ili msidanganywe na rangi. Mbele yenu pana karatasi kubwa nyeupe na glasi kumi na mbili zilizofunikwa. Fungua, nusa, funika. Usinywe. Ukiona glasi mbili zina harufu ya kufanana, ziweke karibu karibu. Ukiona hazifanani, zitenganishe. Zikitofautiana sana, ziweke mbali sana. Ukimaliza, andika kando ya kila glasi neno lolote linalokujia. Hakuna jibu la kosa."

Mzee Pazi alikohoa. "Mwanangu, tangu nizaliwe katika nchi hii sijaambiwa hakuna jibu la kosa."

"Hapa hakuna, baba," alisema Asteria, na aliamini hivyo.

Sikudhani alifungua glasi moja baada ya nyingine. Mvinyo mmoja ulinuka ukwaju, mwingine mapera yaliyoanza kulainika, mwingine ngozi ya viatu vipya. Alizipanga bila shida, kama anavyotenga nguo nyeupe na za rangi. Kisha akafungua glasi yenye namba 316.

Sisi wasema Kiswahili tunanusa kwa pua, lakini pua ikishapata kitu hatuna neno lake la pekee. Harufu tunaisikia, kama sauti. Basi Sikudhani alisikia. Kwanza moshi. Chini ya moshi, majani ya paa yaliyolowana. Chini ya majani, mafuta ya karanga na jasho la mtu aliyelima tangu alfajiri, na katika jasho hilo kitu ambacho hakikuwahi kuwamo katika shati lolote alilolifua miaka tisa, kwa kuwa alikuwa nacho mtu mmoja tu. Nywele za shingo zilimsimama. Alihisi kwamba mtu yuko nyuma ya kiti chake, amesimama kimya, mikono ameiachia, anangoja atambuliwe.

Hakugeuka. Alifunika glasi kwa kiganja, akaiondoa mezani, akaipakata mapajani mwake kama mtoto mwenye homa.

Asteria alipopita na rula yake kupima umbali wa glasi na glasi, alikuta 316 haipo kwenye karatasi.

"Mama, glasi hii iweke mezani, tafadhali, nipime."

"Haikai na zile."

"Basi iweke mbali."

"Karatasi yako ni fupi, mwanangu," alisema Sikudhani.

*

Matokeo yalifikishwa kwa Kamishna siku ile ile. Kati ya watu kumi na wawili, tisa waliweka glasi 316 peke yake kwenye pembe ya mwisho ya karatasi. Msusi aliiweka sakafuni. Mkunga aliisukuma nje ya pazia. Wa kumi na mbili ni yule dobi.

Maneno waliyoandika nayo yalikuwapo. Msusi: nywele zilizoungua. Muuza maandazi: jiko lililozimwa kwa haraka, unga bado uko kwenye ungo. Mkunga: chumba ambamo mtoto hakulia. Mzee Pazi hakujua kuandika, kwa hiyo alimwambia Asteria amwandikie: "Huu ni moshi wa nyumba, si wa kuni. Kuni zina moshi mtamu. Nyumba ikiungua unasikia godoro, unasikia mlango, unasikia mbuzi. Nimechoma mkaa miaka hamsini, hapa sidanganyiki."

Sikudhani aliandika neno moja: Mgalula.

"Hawa si wajinga!" alifoka Kamishna. "Nani aliwapasisha?"

Aliagiza zoezi lirudiwe na namba zibadilishwe. Likarudiwa, glasi ya Kinyangara ikawekwa pembeni kwa namba 582. Aliagiza itiwe sukari. Ikatiwa sukari, ikawekwa pembeni. Aliagiza iwekwe mara mbili miongoni mwa zile kumi na mbili, ili mojawapo ipotee katika msongamano. Watu wote kumi na wawili wakazikutanisha zile mbili bega kwa bega, mbali na nyingine, kama ndugu waliopoteana stesheni.

Mwishowe, ili kuwaonyesha wasaidizi wake kwamba hakuna kitu, Kamishna mwenyewe alichukua glasi, akaingiza pua yake ya kiserikali, akavuta pumzi ndefu ya kizalendo. Alipoitua glasi, kitako chake kiligonga meza.

"Mapera," alisema. Aliondoka akiwa ameshika ukuta.

Tangu siku hiyo harufu haikukaa tena chumbani. Ilitoka. Muuza maandazi aliikuta kwenye unga. Mkunga aliikuta kwenye mto wa kulalia. Sikudhani aliikuta kwenye maji ya bomba, asubuhi, anapojaza karai: alikuwa akifua shuka za wateja na shuka zikawa zinanuka paa lililolowana, na alipozianika kwenye kamba upepo uliingia ndani yake ukazijaza, na shuka zilisimama zikiwa na mabega. Majirani waliosikia walifunga madirisha. Siku ya pili serikali ilitangaza redioni kwamba madirisha hufungwa kwa sababu ya vumbi.

*

Kamishna hakulala kwa siku tatu, na katika kutolala huko akapata wazo.

"Tumewapa glasi kumi na moja za kwingine na moja ya Kinyangara," aliwaambia wasaidizi. "Lazima watatofautisha! Wapeni ule mmoja tu. Glasi zote kumi na mbili ziwe za Kinyangara, kutoka pipa moja. Zikiwa sawa zote, wataziweka pamoja katikati ya karatasi, nasi tutaandika kwamba mvinyo wa Ushwari haukutofautishika. Huo si uongo. Ni umoja wa kitaifa!"

Wasaidizi walilia kwa furaha.

Asteria alimimina mwenyewe, kutoka pipa moja, kwa kipimo kimoja. Wanusaji hawakuambiwa. Walivuta mapazia, na chumba kikawa kimya kiasi cha kusikika taa zikiunguruma.

Sikudhani alifungua glasi ya kwanza, akasikia tui na tangawizi. Ni nyumbani kwa Mama Tatu, jirani yake wa Kinyangara, aliyekuwa akipika hata mchana wa jua kali. Ya pili ilinuka maranda ya mbao. Kwa fundi Nguzo. Ya tatu mbuzi. Ya nne udongo mbichi wa vyungu. Mikono yake ilijiendea yenyewe. Aliziweka moja moja pale nyumba zilipokuwa, kuanzia njia panda, zikafuata mto unavyopinda, mpaka zikafika kumi na moja. Machozi yalikuwa yakimdondoka juu ya karatasi, lakini hakuwa akilia kwa kwikwi. Yalitoka tu, kama yanavyomtoka mtu anayekata vitunguu.

Glasi ya kumi na mbili ilikuwa ya Mgalula. Aliipeleka nyumbani kwake, nyumba ya tisa. Ikakataa. Sikudhani hajui kueleza vizuri zaidi ya hapo: mkono ulikataa kuitua. Aliisogeza chini, akapita nyumba zote, akakaribia ukingo wa karatasi upande wa mto, na hapo ndipo mkono ulipolegea.

Asteria alipopita na rula, alianza kwa kibanda cha kwanza na kuandika. Alipofika kibanda cha tatu alikuwa haandiki tena. Glasi kumi na moja zimejipinda kama mundu, na moja iko mbali, chini kulia. Kila meza. Watu kumi na wawili wasioonana, ambao kumi na mmoja kati yao hawajawahi kufika Kinyangara, walikuwa wamepanga umbo lile lile kwa tofauti ya upana wa kidole.

"Umbali wa wastani ni ngapi?" Kamishna aliuliza kutoka mlangoni. Hakuingia. "Sifuri?"

"Hesabu bado, Mheshimiwa," alisema Asteria, na lilikuwa jambo la kwanza katika maisha yake kumficha mkubwa wa kazi.

*

Kesho yake mchana Asteria alikwenda Mabatini akiwa na karatasi mbili chini ya blauzi. Moja ilikuwa ya kunakilia, inayopenya mwanga, yenye alama za glasi. Nyingine ilikuwa ramani ya shamba aliyoichukua kwenye kabati la wizara. Alizitandika juu ya beseni lililogeuzwa, moja juu ya nyingine.

"Mama Sikudhani, hizi kumi na moja zinaangukia mistari ya mizabibu iliyopandwa kwanza. Hii ya kumi na mbili inaangukia hapa, kitalu cha nne, karibu na mto."

Sikudhani aliweka kidole pale. "Hapo hapakuwa na nyumba. Palikuwa na mti tu na kivuko."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo hawakuungulia ndani wote. Wengine walikimbia wakafika hapo."

Kabla Asteria hajajibu, gari la serikali lilisimama nje. Hapakuwa na pa kujificha zaidi ya nyuma ya shuka zilizoanikwa, naye akajificha huko na karatasi zake. Aliyeshuka ni Kamishna Mbalamwezi, peke yake, bila dereva, amebeba koti lake la sherehe mikononi, mbali na mwili, kama mtu aliyebeba paka mfu.

"Bi Sikudhani. Hodi."

"Karibu, Mheshimiwa."

"Koti hili lina harufu. Limefuliwa mara tatu hotelini. Sherehe ni Jumamosi. Nimeambiwa wewe ni hodari."

Sikudhani alilipokea, akalifungua, akalinusa kwapani, kolani, mfukoni. Alichukua muda wake. Kisha akalikunja, akamrudishia.

"Koti halina kitu, Mheshimiwa. Ni wewe."

Angekuwa mtu mwingine, wakati mwingine, ungekuwa mwisho wa dobi. Lakini Kamishna alikaa kwenye ndoo iliyofunikwa, taratibu, na tumbo lake likakaa juu ya mapaja yake, na akaonekana mzee.

"Sikuwasha mimi," alisema.

Sikudhani alichovya mikono kwenye karai.

"Nilikuwa afisa mdogo tu. Sikushika kiberiti. Mimi niliandika."

"Uliandika nini?"

"Niliandika kwamba wameondoka kwa hiari yao." Alijifuta uso kwa mkono wa koti. "Nilikuwa ndani ya gari. Vioo nilivifunga. Lakini gari lile la zamani, unajua, lilikuwa linaingiza moshi."

Nje watoto walikuwa wakicheza mpira wa makaratasi. Sikudhani alitazama mikono ya mtu yule. Ilikuwa laini, safi, haina hata kovu.

"Wako kitalu cha nne?" aliuliza.

Kamishna alifumba macho, nalo likawa jibu.

"Nataka kibali cha kuchimba."

"Kibali cha namna hiyo hakipo, Bi Sikudhani. Hakuna fomu."

Ndipo shuka zikasogea na Asteria akatoka. Alitoa mfukoni karatasi iliyokunjwa, akaifungua. "Ipo, Mheshimiwa," alisema. "Fomu ya Uchunguzi wa Udongo. Sahihi moja tu."

Kamishna alimtazama mfanyakazi wake, akamtazama dobi, akatoa kalamu. Aliandika jina lake lote, na cheo, na tarehe, kwa mwandiko mzuri sana. Alipomaliza aliuliza kwa sauti ya chini, kama mtoto anayeuliza kama sindano inauma:

"Mkiwatoa, itaniondoka?"

"Sijui, Mheshimiwa," alisema Sikudhani. "Mimi sina mafunzo."

*

Walikwenda asubuhi, jua likiwa limeshapanda: Sikudhani, Asteria na Mzee Pazi, aliyekuja na jembe lake mwenyewe na hakuuliza swali. Nyapara wa shamba, mtu mfupi aitwaye Kitojo, alisoma kibali mara mbili, akavua kofia. Wafanyakazi wake walikuwa wamesimama nyuma yake, na hakuna aliyekuwa akimwangalia mwenzake.

"Mzabibu ule wa ukingoni," alisema Kitojo, "ndio unaozaa kupita yote. Hatujawahi kuupogoa. Kila anayeupelekea kisu, mkono unakufa ganzi."

"Na mvinyo wake mnakunywa?" aliuliza Mzee Pazi.

"Mzee wangu, sisi hapa hata zabibu zilizodondoka hatuokoti."

Walichimba. Udongo ulikuwa mweusi, laini, ukitoka kwa urahisi kana kwamba ulikuwa umechoka kushikilia. Walipofika kina cha mkono mmoja waliikuta mizizi, minene kama vidole vya mkono, imesukana kuzunguka kitu. Mzee Pazi aliweka jembe chini, akapiga magoti, akaendelea kwa mikono.

Kilichotoka kwanza kilikuwa nguo. Ilikuwa imeliwa na ardhi na mizizi imepita kwenye vifungo, lakini mgongoni palikuwa na kiraka, na kiraka kilikuwa kipande cha khanga, na kiraka kilishonwa kwa mishono mikubwa ya mtu mwenye haraka. Sikudhani aliijua haraka ile. Siku aliyokishona, Mgalula alikuwa amesimama mlangoni akimwambia achia, mke wangu, linatosha, nachelewa shambani.

Alilichukua shati, akalipeleka usoni.

Halikuwa na harufu. Lilinuka udongo tu, udongo wa kawaida uliopata mvua. Akavuta tena, kwa nguvu, mpaka kifua kikamuuma. Hakuna. Yule aliyekuwa amesimama nyuma ya kiti chake, nyuma ya karai lake, ndani ya shuka zake, alikuwa ameondoka. Hapo ndipo Sikudhani alipopiga yowe, yowe la miaka tisa, na wafanyakazi wa shamba, wanaume wazima, wakajishika vichwa.

Hawakuacha kuchimba. Mwanzoni Kitojo alikuwa akihesabu kwa sauti. Alipofika saba akaacha kuhesabu, akaanza kumuuliza Sikudhani majina.

*

Serikali ilitoa tamko. Ilisema kilichopatikana Kinyangara ni mizizi ya aina ya kale ya mzabibu, yenye umbo la kuvutia, na wananchi wasitishike. Jumamosi sherehe ilifanyika kama ilivyopangwa. Mlezi Mkuu aliinua glasi, mawaziri wakainua zao, wote wakiwa wamefundishwa wiki nzima kupumulia mdomoni, na walikunywa kwa makofi. Wageni wa ng'ambo hawakunywa. Waliomba maji. Kamishna Mbalamwezi hakuonekana jukwaani. Ilitangazwa kwamba ameteuliwa balozi, na nchi anayokwenda bado inatafutwa.

Sikudhani alitandika mkeka. Siku ya kwanza hakuja mtu, ila alisikia mtaa mzima ukipumua nyuma ya madirisha. Siku ya pili walikuja wale wanusaji kumi na mmoja, na muuza maandazi akaja na sufuria, na msusi akamfungua Sikudhani nywele. Mkunga alikaa karibu naye akamshika goti. Jioni balozi wa nyumba kumi alichungulia, akasitasita, akavua viatu. Baada yake ikawa haina hesabu. Watu walilia, kila mtu na wake, na hakuna aliyeomba radhi.

Siku ya arobaini Sikudhani alikwenda Kinyangara na Asteria kuwasomea dua. Walipofika kwenye kilima kinachotazama shamba, walisimama.

Shamba lilikuwa limejaa wanawake. Walitoka Mto Mkavu, walitoka Kilimahewa, walitoka sehemu ambazo Sikudhani hakuwahi kuzisikia, maana Mradi wa Taifa ulikuwa na mashamba mengi, watu wengi walikuwa wamehamishwa bila kujulikana walifukiwa wapi, na shamba hili ndilo la kwanza kuchimbuliwa. Walikuwa wametawanyika katika mistari ya mizabibu, wazee kwa vijana, wamepiga magoti, khanga zimefungwa viunoni. Mmoja alichota udongo kwa kiganja, akaupeleka puani, akatikisa kichwa, akasogea hatua moja, akachota tena. Askari walikuwa wamepanga mstari kando ya barabara, na mkubwa wao alikuwa akipekua kitabu kinene, ukurasa kwa ukurasa, akitafuta sheria inayokataza kunusa.

"Hatutamaliza kuwatafuta leo," alisema Asteria kwa sauti ndogo. "Mama, ni ekari mia mbili."

Sikudhani alijifunga khanga kiunoni. Alikuwa ameshaanza kuteremka kilima pale mwanamke mmoja, mbali kule mwisho wa mstari, alipobaki ameinama, ngumi ya udongo ikiwa usoni pake, asisogee. Kisha, bila kunyanyua kichwa, akainua mkono.